Hesabu ya Maji

Ndege ya mizigo yenye injini mbili inavuka jangwa la Libya. Ndani yake wamo wafanyakazi wa kambi ya mafuta, baadhi wakielekea likizo, pamoja na wanajeshi wawili wa Uingereza. Dhoruba ya mchanga inawakuta angani. Vumbi linapenya kwenye injini, injini zinakwama, na rubani Frank Towns analazimika kuitua ndege kwa nguvu juu ya mchanga, mbali kabisa na njia aliyopaswa kuifuata. Wapo wanaokufa palepale. Waliobaki wana tende za kula, wana maji ya kuhesabu, na hawana namna ya kumjulisha mtu yeyote walipo.

Hivyo ndivyo inavyoanza The Flight of the Phoenix, riwaya ya Mwingereza Elleston Trevor iliyotoka mwaka 1964. Katika hadithi za kusalimika jangwani zilizoandikwa Ulaya na Marekani karne iliyopita, ni chache zilizodumu vichwani mwa watu kama hii. Imetengenezewa filamu mara mbili. Wanaoikumbuka huwa wanakumbuka kioja chake kikubwa: watu waliokwama wanaikata ndege yao iliyovunjika na kuunda nyingine kwa mabaki yake. Kioja hicho kingeweza kabisa kuifanya hadithi ionekane ya kitoto. Kinachoiokoa ni maji. Trevor anaanza kuyahesabu mapema na haachi mpaka mwisho. Mtu akitaka kutembea kwenda kutafuta msaada, atapewa maji kiasi gani? Akitaka kushika nyundo, jasho lake litarudishwa na nini? Majeruhi asiye na matumaini ya kupona ana haki ya mgao sawa na mwenye afya? Maswali hayo ndiyo riwaya yenyewe, na ndege inafuata nyuma yake.

Mwandishi aliijua mitambo anayoielezea. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Bromley, kusini mwa Uingereza, akiitwa Trevor Dudley-Smith, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Jeshi la Anga la Uingereza upande wa ufundi wa ndege. Baada ya vita aliandika kwa kasi ya ajabu na kwa majina mengi ya bandia. Wapenzi wa hadithi za kijasusi wanamfahamu kwa jina la Adam Hall, baba wa jasusi Quiller. Lakini katika riwaya ya jangwani ndimo ufundi wake wa vitani unapojitokeza waziwazi: msomaji anaambiwa bawa linashikwa na nini, uzito unakaa wapi, na kwa nini injini moja inaweza kutumika na nyingine haifai.

Mahali alipopachagua palikuwa gumzo la wakati ule. Libya ilipopata uhuru mwaka 1951 ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka 1959 mafuta mengi yaligunduliwa Zelten, na mwaka 1961 meli za kwanza zikaanza kuyapakia katika bandari ya Brega. Ghafla jangwa ambalo misafara ya ngamia ililivuka kwa hofu na heshima likajaa mahema, mitambo ya kuchimbia na ndege ndogo zinazopishana kati ya kambi na pwani. Abiria wa Towns ni watu wa zama hizo hasa.

Na watu hao wa mafuta ndio waliokuwa wamefumbua kitendawili kilichoutikisa ulimwengu miaka michache kabla ya riwaya kutoka.

Mwezi Novemba 1958, wataalamu wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta mafuta waliona kutoka angani ndege kubwa imelala mchangani, kiasi cha kilomita 700 kusini mwa Benghazi. Mwaka uliofuata watu walifika hapo kwa gari. Ilikuwa ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-24, yenye jina Lady Be Good limeandikwa ubavuni. Ilikuwa imekatika kiwiliwili, lakini kwa jumla ilikuwa nzima kuliko mtu angetarajia. Redio yake ilifanya kazi. Mlikuwa na maji na chakula. Kilichokosekana ni watu: hapakuwa na maiti hata moja, wala parachuti.

Ndege hiyo iliondoka Soluch, karibu na Benghazi, tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kushambulia Naples, Italia. Wanaume tisa walikuwamo, na ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa kikosi kimoja. Wakati wa kurudi usiku waliomba kuelekezwa kwa redio. Kifaa cha kutambua mwelekeo kiliweza kuonyesha mstari tu. Hakikuweza kusema kama kituo kiko mbele au nyuma ya ndege. Walipita juu ya uwanja wao bila kujua, wakaendelea kusini saa nzima na zaidi, wakidhani bado wako juu ya bahari. Mafuta yalipokaribia kwisha, usiku wa manane, waliruka kwa parachuti. Ndege iliyoachwa bila rubani ikaenda ikishuka taratibu, ikajitua yenyewe kiasi cha kilomita 25 mbele.

Parachuti ya mmoja wao haikufunguka vizuri, akafa. Wanane waliobaki walikutana, wakaamini kambi haiko mbali, wakaanza kutembea kuelekea kaskazini magharibi. Walikuwa na nusu ya chupa moja ya maji ya askari. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika kumbukumbu za kila siku katika kitabu kidogo kilichookotwa baadaye, na humo mgao unaelezwa: kifuniko kimoja cha chupa kwa mtu kwa siku. Mchana joto, usiku baridi ya kukosesha usingizi, dhoruba ya mchanga, macho yaliyovimba. Watu watano walishindwa kuendelea baada ya kutembea zaidi ya kilomita 120. Watatu wakasonga mbele kutafuta msaada. Kumbukumbu za Toner zinakoma Jumatatu, tarehe 12 Aprili, siku nane tangu waondoke Soluch.

Miili ya wale watano ilipatikana Februari 1960 ikiwa pamoja. Miili ya wawili kati ya wale watatu ilipatikana mbele zaidi, kila mmoja zaidi ya kilomita 30 kutoka kwa wenzao. Wa tatu, Vernon Moore, hajawahi kuthibitishwa alikozikwa na mchanga.

Mtu akiusoma mkasa huo kwa utulivu, kinachomuumiza kuliko yote ni ule umbali wa kilomita 25. Nyuma yao kulikuwa na maji, chakula, redio inayofanya kazi, na kitu kikubwa cha kung'aa ambacho ndege ya msako ingekiona. Hawakujua. Walifanya jambo ambalo kila mwanadamu mwenye miguu angelifanya, nalo ni kuelekea nyumbani.

Wasomaji wengi waliokinunua kitabu cha Trevor mwaka 1964 walikuwa wameshasoma habari za Lady Be Good magazetini. Kwa hiyo, pale Kapteni Harris anaposimama na kutangaza kwamba atatembea kutafuta msaada, walijua anaongea kuhusu nini. Harris ni mwanajeshi wa kanuni, jasiri, na hafikirii mara mbili. Sajini wake, Watson, hataki kufa kwa ajili ya ujasiri wa mtu mwingine, hivyo anatafuta kisingizio cha kubaki. Trucker Cobb, ambaye akili imeshaanza kumruka, anamfuata Harris na anafia mchangani. Harris mwenyewe anarudi akiwa nusu maiti. Sura hizo hazina maneno makubwa. Trevor hamdhihaki Harris wala hampambi. Anaonyesha tu kwamba jangwa halitofautishi ujasiri na upumbavu.

Kisa cha pili cha kweli hakijulikani sana, ingawa ni cha watu wa bara hili. Tarehe 4 Mei 1942 ndege tatu za Jeshi la Anga la Afrika Kusini, aina ya Blenheim, ziliruka kutoka oasisi ya Kufra, kusini mashariki mwa Libya, kwa safari fupi ya kulizoea eneo. Watu kumi na wawili walikuwamo. Walipotea, wakatua jangwani wakiwa salama, ndege zikiwa nzima. Walichokosa ni hakika ya walipo. Walitumia mafuta yaliyobaki kuruka huku na huko kutafuta njia. Siku za kwanza maji yalikwenda haraka. Joto lilipozidi walijipulizia dawa ya kuzimia moto ili wapoe, ngozi ikababuka. Wengine wakanywa spiriti iliyokuwa ndani ya dira. Waokoaji walipowafikia tarehe 11 Mei, kati ya watu kumi na wawili alikuwa hai mmoja tu.

Wiki moja tu, na ndege tatu nzima. Mtu anayedhani Trevor ametia chumvi anapoeleza jinsi watu wazima wanavyogeuka haraka kuwa mifupa yenye hasira, akikumbuke kisa cha Kufra.

Kiu yenyewe imechunguzwa na sayansi, na uchunguzi wa kwanza wa kina ulianza kwa bahati. Mwezi Agosti 1905 mwanasayansi wa Marekani, W. J. McGee, alikuwa amepiga kambi Tinajas Altas, kwenye madimbwi ya mwambani kusini mwa Arizona, akipima hali ya hewa ya jangwa. Alfajiri moja alisikia mlio kama ng'ombe dume anayenguruma. Yeye na mwenyeji mmoja mfuatiliaji wa nyayo walipoufuata mlio walimkuta mtu akiwa uchi, amekauka. Alikuwa Pablo Valencia, mtafuta dhahabu, ambaye karibu siku saba alikuwa hana maji ila mkojo wake mwenyewe. McGee aliandika alichokiona bila kuficha kitu: midomo imenywea mpaka meno na ufizi vimebaki wazi, ulimi umesinyaa, macho yako wazi lakini hayaoni, masikio hayasikii ila makelele, na miguu na mikono ina majeraha ya kukatwa na mawe ambayo hayatoi damu. Walimmwagia maji mwilini, wakamsugua, wakamnywesha kidogo kidogo. Baada ya saa chache yale majeraha makavu yakaanza kutoka damu. Valencia alipona. Mwaka uliofuata McGee alichapisha taarifa yake, na madaktari wanaoshughulika na upungufu wa maji mwilini wanaisoma mpaka leo.

Ilibidi vita ije ndipo hesabu zikamilike. Marekani ilipokuwa inapeleka askari wake Afrika Kaskazini, mtaalamu wa fiziolojia Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake waliwapima askari katika jangwa la California: kiasi wanachotoka jasho, wanachokunywa, na wanavyozorota. Matokeo yalitoka kitabuni mwaka 1947, nayo yanatisha kwa unyoofu wake. Joto la mchana likifika nyuzi 49, mtu asiye na maji kabisa anayekaa kivulini bila kujishughulisha ana siku mbili. Akitembea, hata kama ni usiku tu, ana moja. Joto likiwa nyuzi 38, aliyetulia ana siku tano, anayetembea usiku ana tatu. Ukimwongezea lita nne za maji katika lile joto la nyuzi 49, unampa nusu siku tu zaidi.

Adolph aliivunja pia imani iliyokuwa imekita mizizi majeshini, kwamba askari anaweza kuzoezwa kuishi na maji machache. Mwili hauzoei. Kubana maji kwenye chupa huku mwili unakauka hakumsaidii mwenye chupa. Kitu cha kubana ni jasho: vaa nguo, kaa kivulini, usifanye kazi jua likiwa kali.

Na hapo ndipo ugumu wa riwaya unapokaa sawasawa. Miongoni mwa waliokwama yumo Stringer, kijana msanifu wa ndege, mwenye miwani na asiye na urafiki na mtu. Anaikagua ndege iliyovunjika kwa siku chache, anachora, kisha anasema inawezekana kuiunda upya. Ndege ilikuwa na mihimili miwili ya nyuma, kila mmoja umefungwa kwenye injini yake. Injini moja imeharibika, nyingine nzima. Chukua mhimili wenye injini nzima, ng'oa bawa la upande wa pili, livute mpaka upande huu, lifunge. Abiria watalala kifudifudi juu ya mabawa. Wafanye kazi usiku.

Towns anakataa, na hoja yake si ya kijinga. Kunyanyua bawa ni jasho. Kila usiku wa kazi unaila siku ya uhai. Kama waokoaji wako njiani, anayelala kivulini atawaona na anayepiga nyundo hatawaona. Stringer anajibu kwa ubaridi: nje kabisa ya njia yao, nani atawatafuta hapa? Kusubiri pia ni kufa, ila kwa taratibu. Kwa jedwali la Adolph wote wawili wana haki, na hilo ndilo linaloubana moyo wa msomaji. Hakuna mpumbavu katika ubishi huo. Yuko mzee aliyeruka maelfu ya saa na ambaye, ndani kabisa, anajilaumu kwa waliokufa. Na yuko kijana ambaye hajali nani ana makosa mradi vipimo vikubaliane. Katikati yao anasimama Lew Moran, msoma ramani, akimbembeleza huyu, akimtuliza yule. Moran ndiye shujaa wa kitabu hiki kwa kila kigezo cha haki, ingawa majina yanayokumbukwa ni ya wale wawili. Bila mtu wa kumeza maneno ya pande zote, ile ndege isingefungwa hata msumari mmoja.

Kisha inakuja siri. Kazi ikiwa imekaribia mwisho, Towns na Moran wanagundua kwamba kampuni ya Stringer haitengenezi ndege za kubeba watu. Inatengeneza ndege za mfano, zile ndogo zinazorushwa na watoto na wapenzi wa mchezo huo.

Watazamaji wa filamu hucheka hapo, na kicheko hicho ni cha woga. Lakini historia iko upande wa Stringer. Mwaka 1848, katika mji wa Chard nchini Uingereza, John Stringfellow alirusha ndege ndogo ya mfano yenye injini ya mvuke. Agosti 1871, kwenye bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha kidude chake kinachoendeshwa na mpira uliosokotwa, kikapaa sekunde 11 na kusafiri kiasi cha mita 40 kikiwa kimetulia. Helikopta ya kuchezea yenye mpira kama huo ndiyo ambayo baba yao aliwaletea Wilbur na Orville Wright mwaka 1878, wakiwa watoto. Ndege ya mfano haina rubani wa kusahihisha makosa angani, kwa hiyo lazima utulivu wake uwe umesanifiwa ndani yake tangu chini. Msanifu wake hana pa kujificha. Stringer analijua hilo, na haoni sababu ya kuomba radhi.

Kuna mahali riwaya hii inastahili lawama, na lawama hiyo isemwe bila kupakwa mafuta. Wenyeji wa jangwa wanaingia kitabuni kama genge la wahamaji wavamizi. Kapteni Harris anawaendea kuomba msaada na wanamchinja. Hawana majina, hawana neno la maana la kusema. Jangwa la watu wenye visima, njia na adabu za kumpokea msafiri limegeuzwa kuwa utupu wenye visu.

Rekodi za kweli zinasema mengine. Tarehe 30 Disemba 1935 mwandishi na rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, akiwa na fundi wake André Prévot, alianguka katika jangwa la Misri akijaribu kuvunja rekodi ya safari ya Paris kwenda Saigon. Walikuwa na matone ya kahawa na divai, zabibu chache na chungwa moja. Walitandaza vipande vya parachuti usiku kukinga umande. Maji yaliyopatikana yalikuwa na dawa ya kitambaa, yakawatapisha. Siku ya nne, wakiwa wamefika mwisho wa nguvu zao, alitokea Mbedui na ngamia wake, akawanywesha. Saint-Exupéry hakumsahau. Katika kitabu chake cha mwaka 1939 alimwandikia mtu huyo kurasa za shukrani zisizo na kiburi hata chembe, na miaka michache baadaye akaandika kile kisa cha mwana wa mfalme mdogo anayekutana na rubani aliyeanguka jangwani, kitabu kilichosomwa kila pembe ya dunia. Rubani wa kweli aliokolewa na mwenyeji. Trevor, aliyekuwa mwangalifu hivyo kwa maji na vyuma, hakuwa mwangalifu kwa watu hao, na kitabu kimepungukiwa kwa sababu hiyo.

Filamu ilifuata haraka. Robert Aldrich aliiongoza, na ilitoka Disemba 1965. James Stewart alicheza Towns, na alikuwa na sababu ya kumwelewa: wakati wa vita alirusha ndege za B-24, aina ileile ya Lady Be Good, katika safari 20 za mapigano juu ya Ulaya. Richard Attenborough alikuwa Moran. Stringer aligeuzwa kuwa Mjerumani Heinrich Dorfmann, akachezwa na Hardy Krüger, na badiliko hilo liliongeza sumu: miaka ishirini tu baada ya vita, Wamarekani na Waingereza waliokwama wanalazimika kumtii Mjerumani.

Krüger si mgeni kwa Watanzania wenye umri. Alikuja Tanganyika kuigiza katika Hatari! pamoja na John Wayne, filamu iliyotoka mwaka 1962, akapapenda chini ya Mlima Meru, akanunua shamba Momella. Aliishi huko miaka kama kumi na mitatu, akijenga nyumba na kuendesha hoteli. Kwa hiyo kijana yule mwenye miwani na kiburi, anayewaamuru wenzake wenye kiu wanyanyue bawa, alikuwa mtu ambaye kati ya filamu na filamu alirudi nyumbani Arusha.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la kuwasha injini. Ndege inawashwa kwa fataki maalumu: baruti inalipuliwa ndani ya silinda ndogo, gesi yake inasukuma pistoni, pistoni inaizungusha injini. Kifaa hicho ni cha kweli, na kilitumika kwenye ndege nyingi za zama za vita. Ziko fataki saba. Ya kwanza, injini inazunguka na kusimama. Zinatumika nyingine, hakuna kitu. Towns anaamua kuilipua moja huku amezima umeme wa injini, kwa makusudi, ili kusafisha mitungi. Dorfmann anapiga kelele kama mtu anayeona maji yakimwagwa. Hapo uzoefu wa mzee ndio unaookoa kazi ya kijana, na inayofuata inawasha. Ugomvi wa kitabu kizima umelipwa katika dakika chache bila hotuba.

Lakini filamu ililipiwa kwa damu. Otto Timm alisanifu ndege ya kweli ya kurushwa mbele ya kamera, ikaunganishwa kwa sehemu za ndege tofauti. Aliyepaswa kuirusha alikuwa Frank Tallman, lakini alikuwa ameumia goti, akashika nafasi yake mshirika wake Paul Mantz, mmoja wa marubani mashuhuri wa Hollywood. Tarehe 8 Julai 1965, katika matuta ya mchanga ya Buttercup, karibu na mji wa Yuma, Mantz alikuwa anarudia kitendo cha kugusa ardhi na kupaa tena. Ndege ilijigonga kwenye tuta, ikakatika katikati na kupinduka. Mantz alikufa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 61. Mwigizaji wa matukio ya hatari aliyekuwa nyuma yake, Bobby Rose, aliumia lakini akapona. Jangwa hilo la Sonora ndilo lilelile ambamo, miaka 60 kabla yake, Pablo Valencia alitambaa akitafuta maji. Filamu ilimaliziwa kwa ndege nyingine, na mwishoni kuna maneno ya kumkumbuka Mantz.

Mwaka 2004 Hollywood iliirudia hadithi, ikaihamishia Gobi, Mongolia, ingawa mandhari yake yalipigwa Namibia. Ina milipuko mikubwa zaidi na watu wenye kiu kidogo zaidi. Inatosha kusema hivyo.

Trevor mwenyewe alihamia Arizona katika miaka ya sabini, akaishi jangwani kwa hiari, akafia huko mwaka 1995. Anayetaka kumjua aanze na kitabu cha 1964, kisha aitazame filamu ya 1965, na hiyo ya 2004 aiache. Asikimbilie kufika kwenye ndege. Asome taratibu kila mahali maji yanapogawanywa, aangalie ni nani anayekunywa, ni nani anayetazama pembeni mwenzake akinywa, na ni nani anayeyaiba.